Ushauri wa Malindi kwa Mtu wa Laare

WINFRED: Haloo? Nani huyo?

KIRIMI: Haloo. Ni mimi.

WINFRED: Mimi nani? Namba haina jina.

KIRIMI: Kirimi. Wa Laare.

WINFRED: (ndengu zinamwagika kwa sinia)

KIRIMI: Winfred? Uko?

WINFRED: Niko. Niko kwa hoteli yangu hapa Siakago, nachambua ndengu. Sema.

KIRIMI: Habari ya siku nyingi?

WINFRED: Miaka sita si siku nyingi. Sema shida yako.

KIRIMI: Nilisikia ulikaa Malindi, ukipikia wageni. Ulienda huko baada ya—

WINFRED: Baada ya nini? Malizia.

KIRIMI: (anakohoa) Netiwaki ya huku juu ni mbaya. Nasema hivi, wiki ijayo naenda Malindi. Sijawahi kuona bahari. Nikaona wewe ndiye unaweza kunishauri. Tutakuwa wawili, mimi na—

WINFRED: Sikuuliza na nani.

KIRIMI: Lakini ni vizuri ujue—

WINFRED: Kirimi, unataka ushauri ama unataka nikuchagulie shuka za fungate?

KIRIMI: Hapana, si hivyo—

WINFRED: Basi nyamaza uandike. Una kalamu?

KIRIMI: Niko nayo.

WINFRED: Beba koti nzito, ile mnavaa Laare mwezi wa saba. Upepo wa bahari ni baridi. Na gambuti, zile viatu za matope.

KIRIMI: Gambuti kwa mchanga?

WINFRED: Nani alikaa huko, wewe ama mimi?

KIRIMI: Gambuti. Nimeandika.

WINFRED: Jua likifika utosini, jipake mafuta ya kupikia. Shingo, mgongo, kila mahali. Ulale hapo mpaka usikie ngozi inavuta. Ndio inazoea.

KIRIMI: Sawa.

WINFRED: Kabla ya chai, kunywa glasi moja ya maji ya bahari.

KIRIMI: Si ni ya chumvi?

WINFRED: Chumvi ndiyo dawa ya tumbo. Na tumbili wakija kwa meza, wape mkono. Wanapenda sana watu wa bara.

KIRIMI: Polepole. Wape... mkono.

WINFRED: Ukiona vitu vyeusi ndani ya maji, vina miiba kama nungunungu, vikanyage. Vinatoa uchovu.

KIRIMI: Na gambuti?

WINFRED: Unavua kwanza.

KIRIMI: (anaandika)

WINFRED: Sasa hii ndiyo tamu. Kuna saa maji yanarudi nyuma, kunabaki mchanga mweupe kama kisiwa, mbali kabisa ndani. Tembeeni mpaka hapo nyinyi wawili. Mlale kidogo. Msiangalie saa. Hakuna mtu atawasumbua.

KIRIMI: Ni mbali? Kwa sababu mtu wangu hatembei sana.

WINFRED: Kwani ana mimba?

KIRIMI: Nani? Hapana. Ni ma— (sauti inakwaruza)

WINFRED: Ni nani?

KIRIMI: Nimesema ni mamangu. Naenda na mama. Macho yake yanaisha. La kushoto lilishaenda. La kulia daktari anasema halifiki Krismasi. Nikamuuliza anataka kuona nini. Akasema bahari.

WINFRED: Futa hiyo ya mchanga.

KIRIMI: Nini?

WINFRED: Ifute. Maji yanarudi haraka, yanawazunguka kabla mjue. Na mtu asiyeona vizuri... Umefuta?

KIRIMI: Nimefuta. Winfred. Ulijua yanarudi?

WINFRED: Nilikaa huko miaka minne.

KIRIMI: Na ukaniambia tulale.

WINFRED: Na wewe ukaniambia unaleta wazee wa posa Jumamosi, saa nne. Baba alivaa suti tangu alfajiri. Tulikaa kwa tenti mpaka saa kumi na moja, ndio ukamtuma Mithika ndugu yako aseme hauji. Wewe umezima simu.

KIRIMI: Najua nilikosea.

WINFRED: Hujui. Kesho yake mama yako alitoka Laare kukiwa giza, akafika kwetu peke yake. Hakukutetea hata kidogo. Aliinama pale nyuma ya jikoni, tukaosha sufuria za sherehe, yeye na mimi, mpaka ya mwisho.

KIRIMI: Hajawahi kuniambia.

WINFRED: Hakuja kwa sababu yako. Fungua ukurasa mwingine. Mpeleke asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa changa. Avae leso nyepesi. Maji yamfike kwa vifundo tu, na usimwachilie mkono. Usimharakishe. Akitaka kusimama saa nzima, simama. Mnunulie dafu. Mchana akae kivulini.

KIRIMI: Nimeandika yote. Na ile ya mafuta, na tumbili, pia nifute?

WINFRED: Hizo ni zako. Ziache.

KIRIMI: (anacheka kidogo) Winfred, kredo inaisha, imeshalia. Kuna kitu nataka kukuambia. Siku ile sikuwa na mwanamke mwingine. Mimi nili—

WINFRED: Uli nini?

KIRIMI: Si ya kusema mbio. Nipigie wewe, dakika mbili tu, nikueleze—

WINFRED: Kredo ninayo, Kirimi. Sikupigii. Msalimie mama.

KIRIMI: Winfred, ngoja, nili— (simu inakatika)