Mawe Yaliyoyeyuka Dirishani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mwangaluka, kina mama, nanyi wageni wetu. Asifiwe hata kwa sauti hii iliyokauka kwa kilio. Mimi ni Nkwimba wa hapa Ngulyati. Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyoniokoa mimi, na jinsi nilivyomzika mdogo wangu Minza.

Tumbo lilinitesa tangu msimu wa pamba uliopita. Nikila ugali linajaa, nikilala ubavu wa kulia unachoma. Minza, aliyeolewa Nyalikungu, naye alikuwa na tumbo lake, tena baya kuliko langu. Watoto wa mama mmoja, hata maumivu tuligawana!

Minza akaelekezwa dawa ya kusafisha ini. Unashinda njaa, unakunywa chumvi ya kuharisha, kisha unakunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu. Zeituni sisi tunaisikia kwenye Biblia tu, kwa hiyo alitumia mafuta ya mbegu za pamba. Akaharisha sana, akatoa vijiwe laini vya kijani. Alishangilia! Akaviosha, akaniletea kwenye kikopo.

"Dada, ona mawe ya ini langu," akasema.

Tukabishana. Nilimwambia nesi alitufundisha kliniki kwamba utumbo una wadudu wema wanaotusaidia, sasa kuhara kote huko hakuwasombi? Nikamkumbusha kibuyu cha mama cha maziwa mgando. Hatukukisugua kwa sabuni hata siku moja, maana ule uchachu unaobaki ndani ndio unaogandisha maziwa mapya. Ukikikwangua, maziwa yanaharibika tu.

Minza akanicheka. "Tumbo langu si kibuyu, dada. Ini likiwa safi, utumbo nao unapona."

Mdomo alikuwa nao, yule mtoto. Tena mtu akikuwekea mawe mkononi, utambishia nini? Alipoondoka, nami nikachanganya dawa yangu. Kikopo chake nikakiacha dirishani, juani, nikaingia ndani kuomba.

Niliporudi, ndugu zangu, mawe hayakuwepo! Kikopo kilikuwa na mafuta yanayonukia pamba. Mimi ni binti wa mchinja ng'ombe. Mawe ya nyongo nimeyaona tangu utoto, jua linayakausha, haliyayeyushi. Nikaelewa kwamba yale hayakutoka kwenye ini lolote. Ni mafuta aliyoyanywa mwenyewe, yakagandia tumboni. Nikamwaga dawa yangu nyuma ya nyumba.

Nikampigia simu siku nne, haikupatikana. Ya tano akapokea shemeji, analia. Minza alikuwa amerudia dawa ile, tena na tena. Sasa anahara damu, na bado anasema ni uchafu unatoka.

Tulimfikisha hospitali amebaki macho tu. Daktari hakusema dawa ndiyo iliyomfikisha pale, nami sitasema asichosema yeye. Alisema utumbo ulikuwa na ugonjwa wake wa siku nyingi ambao haukupimwa, na kuhara kule kumemaliza maji na nguvu za kupigana nao. Nikamuuliza habari za wale wadudu wema. Akasema kuhara namna ile kunawavuruga, ila kwa kiasi gani, na wanarudi lini, hilo hakuwa na hakika nalo. Ini, alisema, linajisafisha lenyewe. Ndivyo lilivyoumbwa.

Minza alikuwa anasikiliza. Akanivuta mkono. "Dada, kibuyu nimekikwangua."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Aa, Minza wangu! Mpaka leo yananichoma.

Mimi nilipimwa hospitali ile ile. Vidonda vya tumbo, nikapewa dawa, na leo nakula nashiba. Namshukuru Mungu aliyetumia jua la dirishani kunifumbua macho. Kwa nini halikumfumbua na Minza? Nimemuuliza Bwana, bado sijajibiwa, na bado namwamini.

Ndugu yangu mwenye maumivu ya siri, mwamini aliyekuumba, kisha uende ukapimwe. Usiogope. Ukikosa wa kukusindikiza, mimi nipo, nitakwenda nawe.

Shemeji alinipa kibuyu cha Minza cha kugandishia maziwa. Sijakiosha kwa sabuni. Juzi nilitia maziwa, na asubuhi nikayakuta yameganda vizuri, kama ya mkono wake. Nikayanywa nikilia, nikasema asante.