Swali la Mwalimu Pilipili: Saa ya Somo Gani?

Marehemu mpwa wetu, Mwalimu Pilipili, alizaliwa tarehe 9 Mei 1979 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba. Jina la Pilipili alipewa na mjomba wake, yaani mimi, na sijawahi kukosea jina. Sura alichukua upande wetu. Ukorofi aliutoa kwa shemeji, baba yake, na shemeji asibishe, leo hatuna nguvu.

Alianza shule mwaka 1986. Darasani walisoma kwa sauti, dawati baada ya dawati. Zamu ikimkaribia, Pilipili anapindua dawati au anamtia jirani kidole jichoni. Anatolewa nje. Viboko alivyokula vingetosha ukoo mzima. Mpaka mwalimu wa darasa la nne akamfuata dada yangu jikoni: "Mama Pilipili, kwenye hesabu za kichwa mwanao ni malaika. Vurugu ni saa ya kusoma tu. Herufi zinamchezea, anaona aibu." Akamkatia kadi ya boksi la sabuni yenye kidirisha, lionekane neno moja tu. Pilipili akasoma. Fujo zikaisha shuleni. Nyumbani tuliendelea kuzipata.

Alihitimu ualimu mwaka 2002, akafundisha madarasa ya chini. Akiletewa mtoto mtundu hakuuliza kafanya nini. Aliuliza, "Saa ya somo gani?"

Mwaka 2008 aliolewa na fundi cherehani, mpole mpaka tukamwonea huruma. Walijaliwa binti mmoja, Kiberiti.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Juni iliyofuata, akiwa wodini, mwalimu mkuu wa Kiberiti alipiga simu: mtoto kamng'ata mwenzake sikio, anafukuzwa. Fundi akaanza kulia. Pilipili, midomo imemkauka, akaichukua simu, akauliza, "Saa ya somo gani?"

Mwalimu mkuu akajibu: "Kusoma."

"Basi usimfukuze, mwalimu. Nipe muda, nitamsomesha mwenyewe."

Kila jioni walisoma kitandani kwa kadi ile ile, mama kashika upande huu, mtoto upande ule. Kitabu hawakukimaliza. Alituacha alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2023.

Ameacha baba, mama, mume, mjomba mtanashati ambaye leo hana utani, na Kiberiti, aliyerudi darasani. Mstari wa mwisho si wangu. Ataweka kadi yake hapa na kuusoma mwenyewe. Tafadhali, mtu asimharakishe.

Mama, lala kwa amani. Nimesoma mpaka mwisho.