Mzee Ushahidi Anaondoka, Ngeu Inasubiri Shahidi

Mwenyekiti wa kamati ya kamusi alitangaza Ijumaa iliyopita kwamba mhariri wetu mkuu wa maana na asili za maneno atastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia taasisi hii kwa miaka thelathini na minne. Katika tangazo hilohilo alisema kwamba kufungwa kwa toleo jipya la kamusi kumesogezwa mbele kutoka mwisho wa Juni hadi tarehe 11 Julai. Habari ya kwanza mstaafu aliipokea kwa utulivu. Ya pili aliipinga kwa maandishi.

Ndani ya jengo hili hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mzee Ushahidi, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Ukimpelekea neno, hakuulizi lina maana gani. Anakuuliza nani kalisema, wapi, na kama aliulizwa. Ukijibu kwamba aliulizwa, anakurudishia karatasi yako na kukutakia siku njema. Kwa maoni yake, mtu akiulizwa maana ya neno huanza kujipendekeza. Maana ya kweli humtoka akiwa na shughuli zake.

Alipokabidhiwa barua ya kustaafu aliisoma mara mbili, kalamu mkononi. Kisha akamkumbusha ofisa utumishi kwamba neno staafu tumelipata kwa Waarabu, na kwamba huko lilikotoka ni kuomba uondolewe kazini. Yeye, alisema, hakuomba kitu. Barua aliitia saini hivyohivyo.

Alianza kazi akiwa msomaji wa tenzi za kale. Kazi yake ilikuwa kuokota humo maneno yasiyoeleweka tena na kuyatafutia maana. Walimu wa ushairi waliokuja kumsomea maana walizozikisia walitoka wakiwa wadogo kidogo kuliko walivyoingia. Hakuwahi kumvunjia mtu heshima. Alimwachia mgeni kiti kizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Inapendeza, mwalimu. Sasa nipe ushahidi."

Siku moja tulikaribia kuliwekea neno zengea alama ya ushairi wa zamani, kwa kuwa kila mfano tuliokuwa nao ulitoka kwenye beti. Mchana huo Mzee alikuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umekwisha kunyolewa, kinyozi akawa anapekua droo huku akinung'unika, "Mkasi huu nimeuzengea tangu asubuhi, kumbe umekaliwa na mzee." Mzee aliinuka, akampa mkasi wake, akarudi ofisini kuandika. Aliingia kwenye kikao cha saa nane akiwa na nywele upande mmoja. Neno lilibaki kama neno la watu walio hai, na nywele za upande wa pili zilishughulikiwa kesho yake.

Tulipogawiwa simu za mkononi alitueleza kwamba neno simu lilianza maisha yake huko Uajemi likimaanisha waya, na akafurahi sana kwamba sasa kila mtu anatembea na waya usio na waya. Alifurahi kwa wiki nzima. Wenzake wa chumba kimoja wanaikumbuka wiki hiyo.

Kanuni inayomtesa leo aliitunga mwenyewe. Zamani tulikuwa na mhariri wa herufi K, mtu mkarimu, aliyejaza kurasa kwa maneno ya bibi yake. Yalikuwa maneno matamu kweli. Mzee alisafiri kwenda kumsikiliza bibi huyo, akarudi na habari kwamba nusu yake ajuza aliyabuni ili kubembelezea watoto, na kwamba alicheka sana kusikia yamo kitabuni. Tangu hapo kanuni ya kumi na mbili inasema: mtumishi wa taasisi hii si shahidi wa neno, wala jamaa yake.

Kwa kanuni hiyo Mzee amewafutia watu maneno ya bibi, ya mashangazi, na mara moja ya mama mkwe wa mkurugenzi.

Mwaka jana zamu ikafika kwa ngeu. Neno hili lina maana mbili. Ile ya jeraha la kichwani haina shida, maana watu bado wanapasuana. Ya pili ni udongo mwekundu wa maseremala: fundi huchovya uzi humo, huuvuta juu ya ubao na kuuachia, ukachapa mstari wa kufuatwa na msumeno. Kwa maana hii hatukuwa na mfano hata mmoja wa miaka arobaini ya karibuni. Penseli imeshinda. Utaratibu wetu uko wazi: maana isiyo na shahidi hai kabla ya kitabu kufungwa, huondolewa.

Baba yake Mzee Ushahidi alikuwa seremala. Kaka yake mkubwa ndiye aliyerithi karakana, na mpaka leo hana imani na penseli. Mke wa Mzee anasema kwa shemeji yake neno hilo hutajwa kabla ya salamu. Kwa hiyo mhariri wetu mkuu amekuwa akilisikia kila Jumapili kwa masikio yake mawili, na kila Jumatatu anakuja kazini akiwa hana ushahidi.

Alilolifanya baadaye majirani zake wanalijua kuliko sisi. Kwa kuwa hawezi kuuliza, alianza kuzunguka karakana za watu wasio ndugu zake na kuagiza kigoda. Aliketi pembeni akingoja kazi ianze, akitumaini fundi atalitamka. Mafundi walipima kwa penseli, wakakata, wakapigilia, wakampa kigoda chake. Akaenda karakana nyingine. Mkewe alipokuja kwenye sherehe yetu ya mwisho wa mwaka, mtu alimkaribisha kiti. "Ahsante mwanangu, nitasimama," alisema. "Nyumbani tuko wawili, na viti vya kukalisha harusi. Nikiona kiti kingine nitalia."

Mwezi wa pili mwaka huu Mzee aliingia ofisini anatembea kama kijana. Fundi mmoja wa upande wa pili wa mji alikuwa amemwambia mwenzake, bila kuulizwa na yeyote, "Leta ngeu tupige mstari." Tulimpongeza. Mpiga chapa wetu alikwisha kuliandaa neno. Lakini Mzee hakuketi. Alikuwa anakumbuka kitu, na ilimchukua mpaka mchana kukikubali: karakana hiyo aliwahi kufika kabla, na siku hiyo, alipomwona fundi akihangaika na penseli iliyovunjika, ulimi ulimteleza akasema kwamba kwa baba yake wangetumia ngeu. Alirudi kumwuliza fundi. Fundi alikiri kwa furaha kwamba neno kalipata kwa mzee mmoja anayependa sana vigoda.

Alilifuta mbele yetu. "Limetoka mdomoni mwangu," alisema, "limezunguka mji, limerudi limevaa kofia."

Kikao cha mwezi Mei kilikuwa kigumu. Mwenyekiti alipendekeza kanuni ya kumi na mbili ilegezwe mara hii moja, kwa heshima ya miaka ya utumishi. Sote tuliinua mikono. Mzee alisubiri tuishushe.

"Mwenyekiti, nimewafutia watu maneno ya bibi zao wakanililia mlangoni," alisema. "Leo nibakize la baba yangu? Watu hao bado wapo, na ofisi wanaijua ilipo."

Mwenyekiti alikuwa anakwenda kwenye ajenda nyingine, ndipo katibu muhtasi wetu, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao bila kuinua kichwa, akauliza, "Samahani wazee wangu. Tarehe mosi Julai, huyu bwana atakuwa nani hapa?"

Atakuwa si mtumishi. Na kaka yake atakuwa si jamaa wa mtumishi. Atakuwa seremala kama seremala mwingine yeyote, anayesema maneno yake akiwa na shughuli zake.

Mzee aliiomba kanuni, akaisoma yote, akaigeuza hata nyuma ambako hakukuandikwa kitu. Kwa wanaomfahamu, ule ulikuwa mwendo wa mtu anayetafuta kasoro na kuomba asiipate. Hakuipata. Aliomba tu iandikwe kwamba msikilizaji atakayetumwa kwa kaka yake asimwongoze fundi, asiguse uzi, na asisifu udongo wowote mwekundu.

Tangu siku hiyo hajakanyaga karakanani, asije akateleza ulimi tena. Hizi ni Jumapili zake za kwanza kukosa kwa muda mrefu, na kaka mtu ametuma watu kuuliza kama mdogo wake anaumwa. Ameambiwa ni uchovu wa kazi. Kaka huyo hasomi jarida hili, na mke wa Mzee ameahidi kunyamaza, ingawa ameonya kwamba ahadi hiyo ina mwisho.

Kwa kazi yake, zaidi ya maneno elfu sita katika kamusi yetu yana asili iliyothibitishwa badala ya iliyokisiwa, na kila mhariri kijana aliyepita mikononi mwake anajua kunyamaza na kungoja. Tunamshukuru kwa hayo, na kwa kutukera kwa faida yetu. Tunamwombea afya, usingizi wa asubuhi, na mkewe apate nafasi ya kupita sebuleni. Maisha mema, Mzee wetu.

Hafla ya kumuaga ni Jumatatu tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, ukumbi wa mikutano. Alhamisi tarehe 3 Julai, saa mbili asubuhi, katibu muhtasi, ambaye kweli anahitaji kabati la vyombo, atafika kwenye karakana ya kaka mtu, atatoa vipimo vyake, ataketi pembeni, na hatauliza kitu.