Mzee Anatoli Ntirampeba, Fundi wa Vigumba vya Mawe na Chupa

Ndugu, majirani wa Kasingirima na Rusimbi, na nyote mliofika kumsindikiza mzee wetu, haya ndiyo maisha yake kama familia inavyoyajua. Mazuri yake yametajwa, na yaliyouma hayakufichwa, kwa kuwa siku za mwisho yeye mwenyewe hakutaka yafichwe. Aliagiza pia kwamba wasifu huu usomwe na mwanawe Japhet, na kwamba asiruke mstari.

Mzee Anatoli Ntirampeba alizaliwa tarehe 14 Juni 1948 huko Nyanza-Lac, Burundi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Pastory na Mama Diana. Alibatizwa mwaka huohuo. Baba yake alikuwa mwindaji, na upinde wake ulitundikwa juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mwanamke haufiki. Katika ukoo wao ilikuwa mwiko mwanamke kugusa upinde au mshale. Ikitokea amegusa, mshale ulivunjwa ukatupwa, na aliyeugusa alilala bila kula. Anatoli alikua akiyaona hayo, akayabeba popote alipokwenda kama mtu anavyobeba jina lake.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tano. Alikuwa hodari wa hesabu na wa kuchora. Mwaka 1961 baba yake alifariki, naye akarudi nyumbani kulima na kuvua. Shule hakuipata tena, lakini aliithamini maisha yake yote, hasa kwa watoto wa kiume.

Mwezi Mei 1972, machafuko yalipofika kwao, alikimbia na mama yake wakifuata ufukwe kwa miguu, wakapata mtumbwi uliowafikisha Kagunga. Mama Diana hakuivuka safari ile. Alizikwa Kagunga na watu wasiomjua. Anatoli alifika Ujiji peke yake, na mali yake ilikuwa shati alilovaa. Mzee Mwinshehe, mfanyabiashara wa Kasingirima, alimpa baraza yake alale, akampa na kazi ya kupakua mizigo. Mzee Mwinshehe yuko hapa nasi leo, na familia haijasahau baraza ile.

Mwaka 1974 aliajiriwa kubeba mizigo ya Bwana Oswald, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka Iringa. Kazi ya Bwana Oswald ilikuwa kutafuta zana za mawe za watu wa kale, kando ya Malagarasi na kwenye vilima vya ziwa. Jioni, kazi ikiisha, alikaa nje ya nyumba yake Rusimbi akachonga mawe yeye mwenyewe, apate kuelewa wale wa kale walifanyaje. Anatoli alimtazama hadi akashindwa kuvumilia, akaomba afundishwe. Miezi ya mwanzo alipasua kila alichopewa na kujikata vidole. Bwana Oswald alikuwa akiliangalia lile rundo la vipande na kumwambia, "Anatoli, hizo ni kokoto. Barabara bado haijafika huku."

Lakini alijifunza. Alijua kulisikiliza jiwe kwa kuligonga kidogo, ajue kama lina ufa ndani. Alijua kusugua ukingo wake kwa jiwe la kukwaruza kabla ya kulipiga, maana ukingo usiosuguliwa huvunjika ovyo. Kisha alilaza kipande pajani juu ya mpira wa tairi, akakibonyeza kwa ncha ya pembe ya swala, na magamba madogo yakabanduka moja baada ya jingine hadi kikabaki kigumba cha mshale, chembamba, chenye makali pande zote mbili. Mawe mazuri yalipokosekana alitumia vitako vya chupa. Wawindaji wa kanga na sungura walimjua, na baadaye hata wageni wanaokuja kutazama mambo ya kale Ujiji.

Mke wa Bwana Oswald, Bi Elinipa, mzaliwa wa Same, alichonga pamoja na mumewe, na vigumba vyake vilikuwa vyembamba kuliko vya wanaume wote wawili. Bwana Oswald alilisema hilo waziwazi. Anatoli hakuwahi kumwomba Bi Elinipa amwelekeze. Mama huyo alipochukua pembe, Anatoli aligeuza kigoda akampa mgongo.

Tarehe 2 Agosti 1975 alifunga ndoa na Verediana, binti wa Kiha aliyekuwa akiuza mawese sokoni Mwanga. Mungu aliwajalia watoto wawili, Leonida mwaka 1976 na Japhet mwaka 1979. Mwaka uleule wa Japhet, Mzee alijenga nyumba yake Kasingirima, na nyuma yake akajenga chumba kimoja cha kazi kisicho na dirisha. Bwana Oswald alipokuja kukiona alimuuliza kwa nini ajifungie ndani, wakati kazi hii inataka mwanga na upepo. Mzee alijibu kwamba nyumbani kwake kuna wanawake. Akaingia, akafunga mlango, na kwa miaka thelathini na zaidi huko ndani ndiko alikosugua mawe yake.

Leonida alipofika umri wa shule aliambiwa asubiri. Mwaka wa Japhet ulipofika, Japhet aliandikishwa, na Leonida akaambiwa kwamba chupa za ufukweni haziwezi kujiokota. Akaziokota. Jioni, vigumba vikishawekwa juu, aliitwa kufagia chumba. Vumbi la mishale halikuwa mwiko. Mshale ndio uliokuwa mwiko. Alimwomba baba yake amfundishe, akiwa mdogo na hata alipokuwa mkubwa, na jibu lilikuwa lilelile, kwamba mwanamke akigusa mshale, mshale unasahau njia. Basi Bwana Oswald alipofariki mwaka 1989, Leonida akawa anamchotea mjane wake maji, na Bi Elinipa, kabla ya kurudi kwao Same mwaka 1995, alimkalisha uani juani akamfundisha kazi yote. Wakati wa kuondoka alimwachia Mzee Anatoli pembe ya marehemu mumewe, akisema apewe mtoto atakayechonga vizuri.

Mwishoni mwa mwaka 1996 watu walivuka ziwa kutoka Kongo kwa maelfu. Mtu asisahau alichofanya Mzee Anatoli wakati ule. Alishuka ufukweni Kibirizi na mfuko wa vipande vya kioo. Vichwa vya watoto vilikuwa na vidonda na chawa, na nyembe hazikutosha, naye akawanyoa kwa makali ya chupa. Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma, akasema hakuzikimbia risasi ili mtoto aje kuchinjwa na chupa ya bia. Mzee hakubishana naye. Alikaa mchangani akanyoa ndevu zake zote, kavu, bila tone la maji, kisha akamgeuzia uso.

"Damu iko wapi, mama?"

"Damu hakuna," yule mama alijibu, "ila sura umeiharibu."

Watu ambao hawakuwa wamecheka tangu watoke kwao walicheka. Watoto walipanga mstari, na hakuna aliyekatwa. Mzee mwenyewe alifika nchi hii akiwa hana kitu, na hakuweza kumpita mtu wa namna hiyo. Alileta nyumbani familia nzima, akiwemo kijana Feliksi, fundi cherehani kutoka Uvira. Walilala uani chini ya turubai, na mvua za mwaka ule hazikuwa na huruma. Mama Verediana alimsihi afungue chumba cha kazi wageni walale pakavu. Hakukifungua, kwa sababu miongoni mwao walikuwamo wanawake.

Ndipo likatokea jambo la vigumba. Leonida alikuwa akichonga kwa siri huko Rusimbi, na Japhet akavipeleka dukani kwa Mzee Mwinshehe pamoja na vya baba yake. Siku moja Mzee Mwinshehe alimwonyesha Mzee Anatoli kigumba cha kioo cha kijani, akamtania kwamba sasa mwanawe anamshinda. Mzee alirudi nyumbani akiwa na furaha iliyojaa uso. Alimwita Japhet mbele ya wageni wote, akamkabidhi pembe ya Bwana Oswald. Japhet aliipokea. Leonida alikuwa amesimama hatua chache, na sahani za wageni mkononi. Japhet hakusema neno, wala siku ile wala baadaye.

Mwaka 1997 Japhet alikwenda Tabora kufanya kazi ya reli, na vigumba vyembamba vikaendelea kufika dukani. Mzee Mwinshehe alimuuliza Anatoli, "Huyu mwanao anachonga Tabora, halafu anavituma kwa upepo?" Mzee alikwenda nyumbani akamuuliza mkewe. Mama Verediana hakumdanganya. Alisema ni vya Leonida, tena tangu mwanzo ni vya Leonida. Mzee aliwarudishia wawindaji fedha zao, akakusanya kila kigumba cha binti yake kilichopatikana, akapanda mtumbwi na kwenda kuvimwaga ziwani mahali penye kina. Pembe hakumdai Japhet. Mwaka uliofuata Leonida aliolewa na Feliksi, wakahamia Mwanga. Baba yake alihudhuria ndoa, alikula, akaondoka mapema. Kwa miaka mingi walisalimiana kama majirani, "Shikamoo, baba," "Marahaba," basi.

Kikohozi kilianza mwaka 2009. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, akamaliza dawa, na pumzi ikazidi kuwa fupi. Mwaka 2016, baada ya picha ya kifua, daktari alimuuliza kazi yake, na anaifanyia wapi. Mzee alipoeleza kile chumba, daktari alimwambia kwamba ni vumbi la mawe, limeganda kwenye mapafu na halitoki, na kwamba angekaa nje upepo ungelichukua. Mzee aliporudi alimwomba Mama Verediana amtolee mkeka uani. Hakuingia tena chumba kile. Baada ya siku nyingi akatuma watu Mwanga wamwite Leonida.

Leonida alikuja. Mzee alimtazama mikono, akamwita mwanangu kwa Kirundi cha kwao, "Mwana wanje, nilikuwa nakufungia mlango wewe. Kumbe nilijifungia mimi na vumbi."

Leonida alimjibu, "Vyangu ulivitupa ziwani, baba."

Mzee alimwomba amchongee kimoja, pale pale, mbele ya macho yake. Leonida alichukua kitako cha chupa akaketi, upepo wa ziwa ukivuma, na Mzee hakumgeuzia mgongo. Kilipokamilika alikishika kwenye mwanga muda mrefu. Alikiri kwamba ubapa wa kitako chake, pale kinapofungwa kwenye mti wa mshale, hakuwahi kuuweza. Leonida alimwomba alitamke hilo mbele ya watu, kama alivyompa Japhet pembe mbele ya watu. Mzee alikubali. Alitaka watoto wote wawepo na Mzee Mwinshehe awepo. Mwaka wa kwanza Japhet hakupata likizo. Mwaka wa pili Mzee alilazwa. Mwisho akasema iwe Pasaka ya mwaka huu, bila kukosa, na kwa tahadhari akamwagiza mkewe kuhusu wasifu huu.

Pasaka haikumngoja. Mzee Anatoli alifariki tarehe 3 Machi 2018, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Kasingirima, akiwa ameegemezwa kwa mito kwa kuwa kulala chali hakuweza tena.

Ameacha mjane, Mama Verediana. Mwanawe wa kiume Japhet, mfanyakazi wa reli Tabora. Mkwe wake Feliksi. Wajukuu Eliakimu, Kudra na Davis. Na ameacha binti, Leonida, ambaye kwa agizo la baba yake anatajwa hapa kwa kazi yake na kwa sauti: fundi wa vigumba, aliyemzidi baba yake. Leonida alilingoja neno hilo tangu akiwa msichana. Leo watu wote wamelisikia, isipokuwa baba yake, ambaye Leonida alitaka kulisikia kutoka kinywani mwake.

Mungu amsamehe Mzee wetu, amlaze pema, na ampe pumzi aliyoikosa.