Mzee Masalu Anahamia Chini ya Mtambo

Ifikapo Juni 30, 1997, Mzee Masalu Ng'washi atakabidhi funguo za mtambo wa majitaka wa Nyumba Sitini, mtaa wetu huu unaoshuka kutoka Nyegezi kwenda ziwani. Ametumikia miaka ishirini na tisa, na katika muda wote huo hajamwamini mtu kirahisi. Tunayasema haya kwa upendo.

Alianza wakati majitaka yetu yalikuwa yakitulia kwenye mabwawa mawili tu. Miaka mitatu iliyopita ulipofungwa mtambo wa kisasa, wenye mashine za kupuliza hewa, chujio la mchanga na bwawa la matete, yeye ndiye aliyeachiwa auendeshe. Mashine ikinyamaza aliitilia shaka. Ikinguruma vizuri aliitilia shaka zaidi. Ukimwambia chujio linafanya kazi, alikuuliza, "Umekwenda, au umeambiwa?" Wengi wetu tunaofanya kazi naye ofisini tulirudi kutazama, tumenuna.

Siku ya ufunguzi haijasahaulika. Mtaalamu aliyefunga mtambo alikinga glasi ya maji yaliyosafishwa, akainywa yote mbele ya wananchi. Hakuna aliyepiga makofi. Shamsia, ambaye bustani yake ya mchicha iko chini ya mtambo, na ambaye wateja wa soko la Mkuyuni humkimbia kila uvundo unapozuka, alisema kwa sauti, "Huyo kesho yuko kwenye ndege. Masalu ndiye anayebaki. Anywe yeye."

Masalu alipewa glasi, akairudisha mezani. "Sinywi, dada, na wewe usinywe. Haya ni maji ya kurudi ziwani, si ya chai. Mwagilia shinani, na mchicha wako uuoshe kwa maji ya bomba."

Wakubwa walikasirika, wakaona ameharibu sherehe. Lakini Shamsia, aliyekuwa amekusudia kung'oa bustani, aliiacha ibaki. Na watu wa bondeni, wanaoishi chini ya mtambo, waliokuwa hawaamini neno lolote kutoka ofisini kwetu, wakaanza kuja kumuuliza Masalu. Aliyekataa kutudanganya mbele ya wageni, walisema, hatatudanganya tukiwa wenyewe.

Mwaka huu mtambo unakwenda kwa kampuni binafsi. Tumeahidiwa kwamba hakuna kitakachobadilika. Tumekwisha kuahidiwa mengi. Hofu ya bondeni ni moja: kwamba mashine za hewa zitazimwa ili kubana umeme, na uvundo urudi. Kwa hiyo iliposikika kwamba Mzee Masalu amenunua kiwanja hapohapo chini ya mtambo, jirani na Shamsia, minong'ono ilifika hadi Igogo. Wamemfunga mdomo, ilisemwa. Hata ofisini tulinong'ona.

Shamsia hakunong'ona. Alimfuata langoni. "Kaka, wamekupa nini?"

Mzee alicheka. "Kiwanja nimenunua mwenyewe, na hata mti hakina. Wakizima mashine, pua yangu itajua kabla ya simu ya ofisini kulia. Wewe utapiga kelele peke yako mpaka lini?"

Nyumba imekwisha kuezekwa. Dirisha la sebule linatazama matete.

Asante, Mzee Masalu, kwa kutusumbua miaka yote hii. Tunakutakia wewe na familia uzee wenye afya na hewa safi. Afya atakujalia Mungu. Hewa safi inatutegemea sisi tunaobaki, na tunajua hutatuamini mpaka uje kutazama. Njoo. Lango unalijua.