Gaudensia Hhando, Mwalimu Aliyemfuata Mwanafunzi Hirbadaw

Tarehe 30 Mei 2023 nilishuka kwenye basi Haydom, mji nisioufahamu, pamoja na wagonjwa waliokuwa wakienda hospitali na ndugu zao. Nilimwuliza muuza chai nyumba ya dada yangu, Gaudensia Hhando.

"Yule mama anayegombeza manesi kwenye kompyuta?" akasema. "Ukikaribia utamsikia."

Nilimsikia kweli. Alikuwa kitandani, akifundisha.

Marehemu dada yangu, tunayemuaga leo, alizaliwa Getanuwas, wilayani Hanang, tarehe 14 Machi 1966. Alimaliza darasa la saba mwaka 1980, akasomea uuguzi, na mwaka 1988 akaanza kazi wodini. Mwaka 1992 alifunga ndoa na Bonaventura Bura, mkulima, aliyebaki na watoto na ng'ombe wakati mkewe akijiendeleza hadi shahada ya uzamili.

Kuanzia mwaka 2016 alifundisha chuoni wauguzi wa shahada hiyo. Chuo kilipohamishia masomo kwenye mtandao, alipinga waziwazi. "Kidonda hakinuki kwenye kompyuta," alisema. Ni yeye aliyedai kila mwanafunzi aje wodini wiki sita, na asiyekuja aondolewe. Kanuni ikapita.

Wa kwanza kunaswa na kanuni hiyo alikuwa Marieta, muuguzi wa zahanati huko Hirbadaw, aliyekuwa na kichanga cha miezi miwili. Oktoba 2022, akiwa tayari anaumwa tumbo, dada alipanda basi kumfuata.

"Mama, umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kuangalia mikono yako ikifanya kazi. Mpe bibi yake huyo mtoto."

Marieta alisafisha kidonda cha mzee mmoja vizuri sana, ila kila hatua alimweleza mwalimu.

"Mimi sina kidonda," dada akamwambia. "Ongea na mzee."

Alikaa wiki nzima. Aliporudi, alikiandikia chuo kwamba kanuni ile ilikuwa kosa lake: asiyeweza kusafiri asome kwa mtandao, na mkufunzi amfuate kazini.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kila asubuhi aliuliza kama chuo kimejibu. Barua ilifika tarehe 6 Juni: Marieta aendelee na masomo. Aliniagiza nimsomee mara mbili, akalalamika kwamba nasoma haraka mno. Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, Bonaventura akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Gidion na Fabiola, wajukuu watatu, na wanafunzi wengi. Marieta hayupo hapa leo. Yuko zamu, peke yake zahanati nzima. Angeiacha, dada angemkaripia.

Tangulia, dada Gaudensia. Wanafunzi wako wanabaki na wagonjwa. Mungu akupe pumziko lenye amani.