Paka wa Nyanchera

Benchi lililo nje ya duka la kuchapisha pale Mosocho lina miguu mitatu na jiwe moja, na wanaume wanaolikalia wote wana digrii. Zamani hawakuwa na wakati wa kukaa. Walikuwa wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao kwa malipo, mpaka mashine ikajifunza kuandika na riziki ikakatika. Sasa kazi yao ni kumaliza kahawa ya tangawizi anayouza Bosibori na kubishana. Siku hiyo walikuwa na jambo zito. Ochoki, waliyembandika jina la Daktari kwa kuwa alishawaandikia watu tasnifu, alikuwa anamzika mama yake kesho yake, na wasifu wa marehemu ulitakiwa dukani kabla halijafungwa. Simu ilikuwa mkononi, ukurasa mweupe. Mtu aliyeandika insha zisizo na idadi hakuwa na sentensi hata moja ya mama yake.

— Daktari, kwanza tujue ni insha ya aina gani, alisema Ogeto, ambaye wanamwita Hoja. Mimi naona ni ya hoja. Unasema Nyanchera alikuwa mama mzuri, halafu unaleta ushahidi tatu.

— Kwani nani anabisha? aliuliza Eliakim.

Eliakim alitoka upande wa ziwani akaoa hapa, kwa hiyo benchi zima huacha lugha ya hapa na kuongea Kiswahili kwa ajili yake.

— Lazima kuwe na upande wa pili. Kuna yule jirani walikosana juu ya mpaka wa majani chai. Huyo apewe aya moja.

— Matanga itaisha na ngumi, bwana! Hii ni ya maelezo. Unaeleza vile alikuwa anakaa, tabia yake, basi. Toni iwe ya kati, kama ripoti.

— Toni ya ripoti ni ya ng'ombe amekufa. Basi iwe ya kushawishi. Unashawishi Mungu.

— Mungu anashawishiwa na insha?

— Pasta si alisema huko juu kuna vitabu vinafunguliwa? Sasa itasomwa nini kama sisi hatujaandika? Lakini usimsifu sana, Daktari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Marehemu atatia nini maji, Hoja?

— Methali haiulizwi maswali.

Ochoki hakucheka. Aliandika, "Alikuwa mama mwenye upendo na mchapakazi," akaifuta. Sentensi hiyo aliijua. Alishaiuza mara nyingi.

— Si uko na ile ya Margaret? Eliakim alikumbuka. Ya yule msichana wa Ohio alifiwa na mamake. Ulituambia mwalimu wake alilia. Badilisha jina tu.

— Hiyo nilishauza.

— Atakuja kuidai kaburini? Leta hiyo simu.

Wakati huo Mong'ina, mdogo wa marehemu, alifika kutoka Kebirigo kuuliza kama karatasi za mazishi zimetoka. Bosibori akamsogezea nafasi. Eliakim aliona haya kusoma Kizungu mbele ya mama mzima, akawa anatafsiri huku anasoma.

— "Mama yangu Margaret hakula mpaka sisi wote tushibe. Alikwangua sufuria akisema ukoko ndio mtamu. Akipata habari mbaya hakulia. Alifungua kitambaa kichwani, akakifunga upya, polepole, halafu akauliza: nani amelisha paka?"

Mkono wa Mong'ina ulikuwa kwenye kitambaa chake mwenyewe.

— Huyo ni Nyanchera, alisema. Huyo ni dada yangu kabisa. Lakini yeye alikuwa anauliza ng'ombe. Kwetu hatujawahi kuwa na paka.

— Ohio hawafugi ng'ombe nyumbani, mama mdogo, alisema Ochoki. Nilibadilisha.

Sauti ilimtoka nyembamba. Insha ile aliiandika wakati mama yake alipokuwa hai, upande wa pili wa ukuta, akikwangua sufuria hiyo hiyo. Mteja alitaka mama wa kuliza watu, na Ochoki alimjua mmoja tu. Akamuuza mzima mzima. Sasa kila alipomtafuta kichwani alikuja Margaret, na paka miguuni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

— Umeandika vizuri, mwanangu, alisema Mong'ina. Hakuwa na hasira, na hilo liliuma zaidi. Kisha akauliza: na yeye mwenyewe, kabla hajaenda, mlimsomea?

Ogeto alilitazama lile jiwe la benchi. Eliakim alimrudishia Ochoki simu. Bosibori aliinamisha chupa ya kahawa, yakatoka machicha ya tangawizi tu. Kutoka ndani, mwenye duka aliuliza kama ile kazi iko tayari, maana anafunga.

Ochoki alifuta paka, akarudisha ng'ombe. Alifuta Margaret, akaandika Nyanchera. Kisha akabaki ameishika simu, na mwenye duka akauliza tena.